Mlango wa Futi Mbili na Nusu

Kulikuwa na fundi sofa mmoja. Msianze kugeuza shingo kumtafuta humu ndani. Hana jina, na hata ningekuwa nalo nisingewapa, maana nawajua: kabla ya baraka ya mwisho mngekuwa mmeshampigia simu kumwambia katajwa kanisani. Fundi sofa tu. Mtu wa mbao, sponji na misumari, aliyekuwa akifanya kazi kandokando ya barabara kuu ya jiji, chini ya turubai, vumbi la magari likimwingia puani kutwa nzima kama ugoro wa bure.

Fundi huyu alipanga chumba na sebule kwa baba mmoja mwenye nyumba, yeye, mkewe na watoto watatu. Sebule ilikuwa kubwa, lakini mlango, ndugu zangu, ulikuwa wa futi mbili na nusu. Mlango ambao mtu mnene akitaka kuingia anapiga hodi mara mbili, mara moja kwa wenyeji na mara moja kwa tumbo lake. Mwenye nyumba aliona mbao za fremu ni ghali, akapunguza. Watu watainama, watajikunja, watapita upande upande. Wamepanga, watafanyaje?

Sasa, miaka yote hiyo fundi anawatengenezea watu masofa, kwake wanakalia ndoo. Siku moja mkewe akasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni.

"Baba watoto, makalio ya jiji zima yamekaa kwenye kazi ya mikono yako. Ya mkeo peke yake ndiyo yako kwenye ndoo ya rangi."

Msinikunjie uso, nimeyaleta kama yalivyosemwa.

Maneno yakamwingia fundi. Akanunua mbao nzuri, na kwa sababu aliujua ule mlango, akaziingiza moja moja, akaunganisha sofa humo humo ndani. Jioni sita kwa wiki, wiki saba. Hakutumia nati hata moja. Alichonga ndimi za mbao akazishindilia kwenye matundu yake, akatia gundi, kitu kikashikana kama kimezaliwa hivyo. Likawa sofa la watu wanane, kitambaa chekundu chenye maua, mikono mipana ya kuweka kikombe cha chai. Mkewe alilikalia siku ya kwanza akalia. Watoto wakalala juu yake, wakakataa kuamka kwenda shule.

Lakini jiji lilikuwa halijamaliza naye. Asubuhi walikuja mgambo wa ushuru wa kukaa kandokando ya barabara. Mchana wakaja wa ushuru wa taka, taka ambazo alizoa mwenyewe na kuzichoma mwenyewe. Wiki iliyofuata ukazuka ushuru wa turubai, kwa sababu turubai lina kivuli na kivuli kimeangukia ardhi ya umma. Mnacheka? Mimi sicheki. Mtu anagonga msumari mmoja, msumari wa pili ni wa serikali, wa tatu ni wa mwenye nyumba, wa nne ndiyo anaupeleka kwa watoto, nao umeshapinda.

Ndipo Jumatatu moja baba mwenye nyumba akaja, kanzu nyeupe, kijiti cha meno mdomoni.

"Fundi, kodi inaongezeka nusu yake. Na nataka ya miezi sita mbele. Mwisho Jumamosi."

"Baba, mwaka huu huu umeshapandisha mara moja!"

"Sijapandisha mimi. Jiji limepanda. Mimi niko hapa hapa, nimekaa."

"Ya miezi sita nitaitoa wapi?"

"Na hilo nalo nikujibu mimi? Nimekupa mlango, nimekupa dirisha, sasa unataka nikupe na majibu?"

Fundi akasema, "Basi nitahama."

"Hama, baba. Barabara ni pana."

"Nihame na sofa langu."

Mwenye nyumba akalitazama sofa. Akautazama mlango. Akalitazama sofa tena. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika fremu asianguke.

"Litapita wapi?"

"Tuvunje kidogo ukingo wa mlango. Nitaurudishia mwenyewe, kwa mbao zangu, kwa saruji yangu, uwe mzuri kuliko ulivyokuwa."

"Mlango wangu hauvunjwi."

"Sasa nifanyeje, baba?"

"Si fundi wewe? Msumeno unao. Kata."

Kata! Hebu niambieni, mmewahi kuambiwa mkate kitu mlichokijenga kwa jioni zenu? Jumamosi, lori la kuhamia limeshasimama getini, fundi alichukua msumeno kweli. Akauweka juu ya mkono wa lile sofa, pale kwenye maua. Mkewe akasema taratibu tu, "Ukikata, mimi sipandi hilo lori." Fundi akautua msumeno. Wakaondoka na ndoo zao.

Na lori halijapiga hata kona, mwenye nyumba keshatundika kibao getini, kimeandikwa kwa chaki: CHUMBA NA SEBULE. KINA SOFA. Na bei, ndugu zangu, imepanda tena. Sofa la mtu!

Juu ya lori, kati ya godoro na masufuria, fundi aliinua mkono wake wa kulia akaapa, mkewe akisikia, na watoto wakisikia.

"Siku nikijenga nyumba yangu, mlango wake atapita ng'ombe mwenye mimba bila kugusa. Na sitamfanyia binadamu mwenzangu kama nilivyofanyiwa. Mungu ananiona."

Naona kuna watu wameshafungua midomo kusema amina. Ifungeni. Bado.

Walikwenda mkoa mwingine kabisa, kwenye mji mdogo wa mlimani. Kwa nini huko? Kwa sababu fundi mwenzake alitangulia, akampigia simu akapiga kelele mpaka spika ikakwaruza: "Njoo huku, ndugu yangu! Halmashauri ya huku haijui hata fundi sofa ni mnyama gani, ushuru hakuna! Chumba bei ya majogoo wawili! Ndizi watu wanagawiana! Asubuhi unaamshwa na jogoo, hakuna honi wala foleni, hewa unaivuta mpaka inafika kwenye magoti!"

Na ilikuwa kweli. Katika mji ule watu walilipana kodi mwezi kwa mwezi, na mwezi ukiwa mbaya mwenye nyumba alikuja kusalimia, akaliona sufuria lenyewe likiwa tupu, akaaga akarudi kwake. Neno "miezi sita mbele" halikuwepo. Dalali hawakumjua. Ungewaambia kuna mtu analipwa kwa kukuonyesha chumba, wangekuuliza kama wewe huna macho.

Fundi akapanga chumba kwa mjane mmoja, mama mtu mzima, mwembamba kama fito, nyumba ya tofali za kuchoma, bati limetoboka pale na pale, kiwanja kando ya barabara na migomba nyuma. Mlango wa nyumba ile ulikuwa futi nne, maana marehemu mume wake alipenda kuingiza magunia ya kahawa bila kugombana na ukuta. Na chumbani kwa mama palikuwa na kitanda cha mninga, alichokichonga yule marehemu kabla ya harusi yao. Fundi alipokiona mara ya kwanza alipiga magoti akachungulia maungio. Ndimi za mbao, gundi, hakuna nati. Akatikisa kichwa. "Mama, aliyefanya hii kazi alikuwa mtu."

"Alikuwa mtu," mama akasema. "Na alikuwa mlevi kidogo. Lakini Jumatano hakunywa, Jumatano alichonga."

Mwezi wa nne mtoto wa fundi akashikwa na homa, hela yote ikaishia zahanati. Fundi akaenda kwa mama mikono mitupu, kichwa chini. Mama akamwangalia.

"Umekuja kuniambia huna kodi? Mwenye homa ni mtoto, kodi haina homa. Itasubiri. Chukua mkungu huo, wapikie watoto."

Nataka mlishike hilo. Lishikeni kwa mikono miwili, maana kuna mtu katika hadithi hii atalidondosha.

Macho ya mama yakaanza kuingia ukungu. Hospitali wakasema apasuliwe, na hela ya kupasulia hakuwa nayo. Akaamua kuuza kiwanja, na akamwita fundi kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Wapo wenye hela zaidi yako," akamwambia, "ila sitafuti bei kubwa. Natafuta mtu atakayeniacha nilale kwenye kitanda changu mpaka Mungu aniite."

"Mama!" Fundi akamshika mikono yote miwili. "Utakaa hapa hapa. Chumba chako ni chako. Utanipa chochote, hata mkungu mmoja wa ndizi kwa mwezi. Nani akuguse, mimi nipo?"

Akakipata kiwanja kwa nusu ya bei. Nusu! Wakaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa bei ya kiwanja, na ile ahadi ya kitanda hawakuiandika, kwa sababu mama aliona aibu kumwandikisha mtoto wa watu kana kwamba hamwamini. Mama akapasuliwa, akaona tena. Kila mwezi mkungu mmoja unafika mlangoni kwa fundi, umefunikwa jani.

Sasa fundi, kwa furaha yake, akapiga simu jijini. Njooni! Wakaja. Kinyozi akaja, fundi welding akaja, mwenye duka la vipodozi akaja, familia moja, kumi, arobaini. Wote wanalia kilio kimoja: ushuru wa kule, kodi ya kule, joto la kule, foleni ya kule. Wakapewa ndizi, wakaonyeshwa kisima. Na walipokwisha kuvuta ile hewa mpaka ikafika magotini, wakaanza. Jogoo huyu anatupigia kelele. Mbuzi hawa wanatembea hovyo. Matanga ya huku yanaimba siku tatu, hayawezi kuimba moja? Wakapeleka barua kwa mwenyekiti wa mtaa kuhusu jogoo! Mtu kakimbia honi ya lori mkoa mzima, kaja kumshitaki jogoo nyumbani kwa jogoo!

Halmashauri nayo, iliyokuwa imesinzia, ikafumbua jicho moja. Ikaona mabango, maduka, turubai arobaini mpya. Ikafumbua na la pili. Ushuru ukaja. Na ulipokuja haukumfuata fundi peke yake. Ulimfuata na bibi wa kuchoma mahindi, aliyekaa pale na jiko lake tangu kabla ya lami bila kudaiwa hata senti. Bibi akauliza, "Nimekosa nini?" Hakuna aliyemjibu. Wale arobaini walikuwa wanaulizana wao kwa wao, sasa tuhamie wapi.

Na dalali wa kwanza akaonekana stendi, simu tatu mkononi, kama kipindupindu kilichovaa viatu.

Fundi akaona watu wanahitaji vyumba. Akaona ana kiwanja. Akavunja nyumba ya tofali za kuchoma, akajenga vyumba sita vya mstari. Fremu alizichonga mwenyewe. Alikaa chini na penseli sikioni, akapima mbao zake: milango mipana inakula ubao mmoja zaidi kila chumba, bado kitasa kikubwa, bado bawaba tatu. Akafikiri. Akakuna kichwa. Akakata.

Nawauliza, alikata futi ngapi?

Mnajua. Nyamazeni, mnajua.

"Na kitanda changu?" mama aliuliza.

"Kitanda kisisumbuliwe, mama. Tutasimamisha kuta kukizunguka."

Na wakafanya hivyo. Mama alikaa kwa jirani mwezi mmoja, kitanda kimefunikwa turubai palepale kilipo, waashi wakapandisha tofali pande zote nne, wakatia mlango, wakaezeka. Mama aliporudi akakuta chumba kipya na kitanda chake katikati. Akapiga vigelegele. "Umekijengea kitanda changu nyumba!" Akamwombea fundi mpaka fundi akaona haya.

Chumba cha mama kilikuwa cha mwisho kwenye mstari, dirisha linatazama mlima. Akaja bwana mmoja kutoka jijini, kazi zake anafanyia kwenye kompyuta, hahitaji ofisi, anahitaji mlima. Akasema kile cha mwisho ndicho anachokitaka, na yuko tayari kulipa ya mwaka mzima mkononi.

Kesho yake asubuhi fundi akasimama mlangoni kwa mama. Alikuwa amevaa shati safi. Mtu akija kukudhulumu huvaa shati safi, sijui kwa nini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkungu wako nimeshaukata, uko nyuma ya nyumba."

"Siyo mkungu, mama. Mambo yamebadilika kidogo."

"Nani kayabadilisha?"

"Mji umepanda."

"Umepanda? Na mimi nimekaa hapa mlangoni tangu asubuhi, sijauona ukipita."

Fundi akakohoa. "Sasa hivi wote wanalipa miezi sita mbele, mama. Siwezi kuwa na sheria mbili kwenye nyumba moja. Mwisho Jumamosi."

Mama hakugomba. Jumamosi asubuhi fundi alisikia mkokoteni unalia uani. Akatoka. Mama kasimama, jasho linamtoka, na kwenye mkokoteni iko mikungu sita ya ndizi, mingine mibichi kabisa, imekatwa kabla ya siku zake. Migomba yote nyuma ya nyumba imebaki mitupu.

"Minne itaoza," mama akasema. "Lakini umetaka mbele."

Mke wa fundi alikuwa dirishani kwao, chumba cha kwanza cha mstari. Aligeuka akaondoka dirishani.

"Pesa, mama," fundi akasema, anatazama bati. "Siyo ndizi. Pesa."

"Mwaka ule mtoto wako ana homa, nilikudai pesa?"

"Wakati ule ulikuwa wakati ule."

Mama akaachia mpini wa mkokoteni. "Sawa. Basi nitatoka. Nipe vijana wanibebee kitanda changu."

Fundi akaingia chumbani. Akakitazama kitanda. Akautazama mlango. Hakuhitaji tepu ya kupimia, macho ya fundi yanatosha. Mama naye akaingia, akatazama alikokuwa anatazama, na macho yake yale yaliyopasuliwa yakaona.

"Tuvunje kidogo, mwanangu. Ukingo tu."

"Mama, mlango wangu hauvunjwi."

Alisema hivyo. Kwa mdomo wake. Na hakusikia! Mtu mwingine angesikia, angeshika ukuta, angekaa chini. Yeye aliendelea.

"Msumeno ninao. Nikukatie?"

Mama akapitisha kiganja juu ya ubao wa kichwani, pole pole, kama mtu anayempapasa mgonjwa. "Hapa nimezaa watoto saba. Ungekata upande gani?"

Fundi akainama, akachungulia maungio.

"Kiache," mama akasema. "Atakayekuja atahitaji pa kulala. Ila nisaidie jambo moja. Binti yangu yuko huko jijini mlikotoka, ana watoto wanne na wametolewa kwenye chumba. Nitakwenda kwake, nina zile zilizobaki za kiwanja. Unamjua mtu mwenye vyumba?"

Hapo fundi akachangamka! Uso ukamng'aa! Ndugu zangu, hakuna kitu kinachomfurahisha mdhalimu kama kuombwa msaada mdogo. Akatoa simu, akatoka nje, akapiga.

"Shikamoo, baba. Ni mimi fundi, yule wa sofa. Kile chumba na sebule kipo wazi?"

"Kipo," ile sauti ikajibu, kijiti kikiwa bado mdomoni. "Mpangaji wa nne kashindwa, kaondoka wiki hii. Sofa lako zima kabisa, kitambaa tu ndiyo kimechakaa."

"Nina mtu. Mama mzuri, mtulivu, na binti yake."

"Miezi sita mbele, anafahamu?"

"Nitamweleza. Sasa, baba..." Fundi akashusha sauti, akajisogeza mbali na mlango. "Ule mwezi mmoja wa dalali, si utanikumbuka?"

Kwenye simu kikatoka kile kicheko, kile kile, cha kushika fremu mtu asianguke.

"Fundi! Kumbe umejenga?"

"Nimejitahidi, baba. Vyumba sita."

"Milango umeweka futi ngapi?"

Fundi akafungua mdomo. Akageuka, akautazama mlango wa chumba cha mwisho. Na sasa akasikia. Akalisikia lori, akausikia msumeno juu ya maua mekundu, akajisikia mwenyewe juu ya masufuria, mkono umeinuliwa, anaapa.

"Fundi, upo? Futi ngapi?"

"Mbili na nusu," akasema.

"Karibu, mwenzangu," akasema yule mzee. Akakata simu.

Mama aliondoka na basi la saa nne, begi moja na kikapu. Alipita kwenye ule mlango bila kugusa ukingo, mwembamba kama alivyo. Fundi akarudi akaketi kwenye kitanda cha mninga. Akakaa. Akakaa sana. Nyundo ilikuwa pembeni yake, na ukuta ule ni wa tofali moja, unaangushwa na mtu mmoja kabla ya chai. Na basi lilikuwa halijafika hata njia panda, pikipiki ingelifikia.

Mlidhani atavunja ukuta, eti? Hata mimi nilidhani. Nilimngoja.

Akainuka, akatafuta chaki, akaandika mlangoni: CHUMBA. KINA KITANDA.

Yule bwana wa mlima alikuwa tayari kulipa mwaka mmoja. Kwa kitanda kile cha mninga, fundi akamwongezea bei.

Sasa nakuja kwetu. Na aliyekuwa anacheka apanguse mdomo.

Nani humu ndani hajahama? Tumetoka mikoa yote. Tukiulizwa kwa nini, tunajibu vizuri: kodi ilikuwa kubwa, ushuru ulituzidi, tunataka watoto wavute hewa. Ni kweli, na sina ugomvi na mtu anayetafuta pa kupumulia. Nami nimehama, na ndoo zangu. Ugomvi wangu uko kwenye lori. Ule mzigo mlioufungasha, mliufungua mkaangalia kuna nini? Tunasema tulimwacha baba mwenye nyumba kule. Uongo! Tulimpakia. Alikaa mbele na dereva, sisi tukakaa nyuma na magodoro, na tulipofika yeye ndiye aliyeshuka wa kwanza.

Tulipokuwa tunaonewa tulidhani tunalia tu. Kumbe tulikuwa shuleni, na tulikuwa wanafunzi wazuri, tumeshika kila neno. Jiji limepanda. Mwisho Jumamosi. Kata. Leo tunayasema bila kukosea herufi, tena kwa sauti ya upole, tena tumevaa shati safi.

Mji huu mliukuta na watu. Mliuziwa viwanja na watu. Wako wapi? Yule aliyekuonyesha kisima, yuko wapi? Yule aliyekupa mkungu wa kwanza, leo analala wapi? Mnaimba hapa mbele za Mungu, "umetutoa mbali", na mimi nakubali, katutoa mbali. Na waliokuwa hapa, nani kawatoa? Msiniambie ni Mungu. Msimsingizie.

Na ule ushuru tulioukimbia! Nani kati yetu alisimama hata siku moja, kule, na wenzake, akauliza unakwenda wapi, mbona mtaro haujengwi? Hakuna. Tulikimbia tukawaachia wasioweza kukimbia, na tulikofika tukawaletea ambao hawakuujua. Bibi wa mahindi anauliza hadi leo amekosa nini. Mjibuni! Mko wengi humu, mjibuni nyinyi!

Kimya, eh? Haya.

Leo vikapu vya sadaka havitapita kwanza. Wazee wa kanisa wamesimama pale mlangoni, na mnaona mlango wa nyumba hii jinsi ulivyo mpana, jeneza linapita na wabebaji wake sita. Mkononi wanazo tepu za kupimia. Kila mwenye nyumba ya kupangisha achukue moja, aende sasa hivi, kabla ya chakula, akapime mlango wake, na akiwa hapo aulize kwa jina nani amelala ndani na nani alikuwa analala pale kabla yake. Ukiukuta unapitisha kitanda cha mtu, rudi, tutaimba pamoja mpaka jioni.

Na ukiukuta ni futi mbili na nusu, bahasha yako ya sadaka baki nayo. Rudi uchukue nyundo. Nyundo pia tunazo.